Sikukimbilia Dizeli

Nyalenda, Kisumu
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Dada yangu mpendwa Dolphine,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mwalimu Absalom, na wapwa zangu kila mmoja kwa jina lake. Ni matumaini yangu kwamba barua hii imewakuta mkiwa na nguvu, na kwamba mvua za jioni za wiki hii hazijamkaza mwalimu ule mguu wa kulia. Kwetu hapa mke wangu Lorine hajambo, na mtoto amepona kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima. Chakula ndicho kinachonishinda. Nikikitia mdomoni kinakuwa kama pamba.

Najua utashangaa. Kutoka hapa Nyalenda hadi kwako Nyamasaria ni safari ya boda moja tu, nami nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Simu ninayo, na salio lipo. Tangu Jumatatu nimekupigia mara tatu, na kila ulipoitika nimekuuliza habari za mazoezi ya mwalimu, kisha nikakuaga. Uso kwa uso ndiyo siwezi kabisa. Wewe ndiye uliyenilea Mama alipokuwa akishinda ufuoni na dagaa wake wa omena. Nikitaka kudanganya, wewe huniona kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nimemwomba Lorine akuletee karatasi hizi mkononi. Yeye anajua kilichoandikwa. Atakaa hapo nje kibarazani mpaka umalize. Ninakuomba jambo moja tu: usinipigie simu katikati. Soma hadi mwisho, kisha ufanye utakalo.

Nianze na mkutano wa Jumanne ya wiki iliyopita, ule wa wananchi kutoa maoni mbele ya kamati kama idara ya picha ya hospitali yetu ya serikali ikodishwe kwa kampuni ya watu binafsi au ibaki ilivyo. Hukuniona, lakini nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wafanyakazi wenzangu. Nilimsikia mwakilishi wa wauguzi akisema kwamba leo watakodisha chumba cha picha, kesho maabara, kesho kutwa wadi ya akina mama, na mwishowe maskini atabaki na lango na bendera. Nilimsikia pia yule bwana wa kampuni, mwenye kile kituo cha picha kilicho upande wa pili wa barabara, akijibu kwa upole kwamba mgonjwa haulizi mashine ni ya nani, anauliza kama inafanya kazi. Watu wakampigia makofi.

Kisha ukasimama wewe. Ukakataa kiti walichokupa. Uliwaeleza jinsi mume wako, mwalimu aliyefundisha miaka kumi na tisa, mtu aliyekuwa akiongoza kwaya ya watu arobaini kwa kidole kimoja, siku hizi anatafuta neno "maji" nusu saa nzima na halipati. Ukasema hospitali ya serikali ilikuwa na daktari tayari, chumba cha upasuaji tayari, manesi tayari, na mashine ya skani yenye karatasi mlangoni iliyosema IMEHARIBIKA. Ukasema kama si kile kituo cha ng'ambo ya barabara, leo ungekuwa mjane. Halafu, dada yangu, ukanitaja mimi. Ukasema, "Kaka yangu Nicodemus ni fundi wa hospitali hii hii. Siku ile stima ilipopotea, jenereta ya kituo ikagoma, nilimwona kwa macho yangu akitoka mbio kama mwendawazimu kutafuta dizeli. Serikali ina watu wazuri. Haina mashine. Wapeni wenye mashine wafanye kazi."

Nilitaka sakafu ya ule ukumbi ipasuke inimeze.

Hata kabla hujakaa, mama mmoja akainuka bila kungoja maiki. Umesema baadaye alikukosea heshima, na kweli sauti yake ilikuwa kali. Anaitwa Nasike. Ni jirani yangu hapa Nyalenda, anauza sukuma wiki karibu na kioski cha maji, ingawa wakati ule sikumjua. Alisema mama mkwe wake alipopatwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, aliandikiwa karatasi ya kwenda kupigwa picha kule ng'ambo, kwa sababu ya mashine hiyo hiyo yenye kibandiko. Kule ng'ambo askari wa lango aliitazama karatasi, akamtazama mama miguuni, akauliza nani analipa. Wakarudi nyumbani. Mama akafa mwezi wa sita, na karatasi bado imo katika mkoba wake wa kanisani. Ukamuuliza, basi si ndiyo sababu ya kuibadilisha hospitali? Naye akakujibu lile neno ambalo watu wamekuwa wakilirudia mtaani: "Hapa nimenyimwa mashine. Kule nimenyimwa mlango." Nawe ukamwambia mlango unaofunguka kwenye chumba kitupu haumfai mtu. Mwenyekiti akawanyamazisha nyote wawili. Mlitoka mkipitana bila kutazamana.

Nimewafikiria ninyi wawili kila saa tangu siku hiyo. Mlikuwa mkigombana kuhusu serikali na watu binafsi, na kila mmoja alikuwa na haki. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yenu aliyelijua.

Turudi kwenye ile Jumamosi ya mwezi wa tatu. Upande wako unaujua. Mwalimu alipanda ngazi saa mbili asubuhi kupigilia bati lililonyanyuliwa na upepo, ngazi ikateleza, akaanguka na kugonga kichwa kwenye ukingo wa tangi la maji. Akaamka akicheka. Akaomba chai, akasema bati limemfunga bao moja. Baada ya saa moja akatapika, akaanza kusinzia katikati ya maneno, nawe kwa akili zako hukumwacha alale. Ulifika hospitali yetu kabla ya saa nne. Daktari Mureithi alimwangalia macho kwa tochi, akasema kuna damu inayokusanyika ndani ya fuvu, lakini hawezi kutoboa kichwa cha mtu bila kujua damu iko wapi. Apigwe picha mara moja, akasema, yeye anakwenda kunawa na kungoja. Kuanzia langoni wewe na mbeba wagonjwa mkasukuma kitanda cha magurudumu mkavuka nacho barabara, gari la mizigo likiwapigia honi.

Pale kituoni ukanikuta mimi. Ulilia kwa shukrani. Ulisema Mungu ameniweka pale. Ukweli ni kwamba kila Jumamosi nilikuwa nikifanya kibarua pale, kutunza mitambo yao, jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Nilipomwona mwalimu kwenye kile kitanda, mdomo umelegea upande mmoja, nilimwambia msichana wa mapokezi amwandikishe, nitasimama dhamana mimi. Alikuwa wa tatu kwenye foleni. Niliwaomba wale wawili waliotangulia watupishe, wakakubali. Tukamlaza. Ndipo stima ikapotea. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hayo yote uliyaona. Uliniona nikiwa chini ya jenereta na spana mkononi. Uliniona nikitoka mbio langoni na kurudi, kisha nikitoka tena na kurudi. Picha ilipigwa saa saba mchana. Saa saba na nusu Daktari Mureithi alikuwa tayari ametoboa. Mwalimu akaishi.

Wiki tatu baadaye nilikutana na Daktari Mureithi kwenye veranda ya wadi. Nikamshukuru. Hakunipa mkono, alikuwa akiandika. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba shemeji yangu angekuja mezani kwake saa tano, angerudi darasani muhula uliofuata. Akasema ubongo hauna subira.

Tangu hapo nimeishi kama mtu aliyemeza msumari. Ninyi mkaendelea kunipenda. Yule bwana wa kituo akasikia habari yenu, na ulipokubali kusema mkutanoni, akawaletea yule msichana wa mazoezi ya viungo nyumbani kila Jumatatu bila malipo. Nimemwona mwalimu akisimama kwa kushika meza, na nikafurahi, na furaha hiyo ikaniuma. Siku moja tu baada ya mkutano, Bwana Ondiek, msimamizi wa hospitali yetu, aliniita ofisini kwake akanikabidhi barua yenye muhuri: ajira ya kudumu. Miaka sita, dada yangu, nimefanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na unajua jinsi nilivyoililia ile barua. Aliniambia, "Dada yako amesema vizuri sana." Kikao cha pili cha kamati ni Ijumaa ya wiki ijayo, akasema, baada ya hapo mambo yatakuwa yamekwisha.

Jumapili nikaenda Asembo Bay nimweleze Mama. Nilitaka aanze kunihukumu yeye. Nilimkuta ametandaza omena kwenye nyavu, na wanawake wenzake watatu wamekaa naye, naye anawahadithia jinsi mwanawe fundi alivyomwokoa mkwewe. Aliponiona akapiga kigelegele. Wale wanawake wakasimama wakanishika mikono, mikono yao ina chumvi na magamba. Mmoja aliniomba nimwombee mwanawe kazi hospitalini. Nikakaa saa mbili, nikala samaki, nikarudi Kisumu sijasema lolote.

Jumatatu asubuhi Magdalene, yule mama anayepiga picha za eksirei, alinikuta kwenye stoo. Alikuwa ameshika boksi tupu. Akaniuliza kwa nini boksi la bodi ya mashine ya skani lina tarehe ya mwezi wa pili, na bodi yenyewe iko wapi. Aliniuliza taratibu tu, kama mtu anayeuliza saa. Nikamwambia nitamjibu kesho yake. Akaniambia, "Nicodemus, ile Jumamosi nilikuwa zamu. Nilikisukuma mimi kile kitanda cha shemeji yako mpaka langoni."

Dolphine, mashine ilikuwa nzima.

Iliharibika kweli mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kipande kidogo cha umeme tunachokiita bodi kiliungua. Kipya kililetwa mwezi wa pili. Nilikifunga kwa mikono yangu siku ya Alhamisi, nikaiwasha, nikaipima, ikaimba kama inavyotakiwa. Nikaenda kwa Bwana Ondiek nikitabasamu. Alifunga mlango. Akaniambia niitoe ile bodi, niiweke katika kabati langu, na kibandiko kibaki mlangoni mpaka mkataba wa kukodisha utiwe sahihi, kwa maana ikianza kufanya kazi sasa, nani atakubali ikodishwe? Akaniuliza ni mara ngapi nimeomba vipuri serikalini nikangoja mpaka mashine ikafa. Akasema kampuni wataitunza, watahitaji fundi wa kudumu, na fundi huyo atakuwa mimi. Kibarua cha Jumamosi nilikipata wiki iliyofuata. Yeye mwenyewe alikuwa akipata nini katika jambo hilo, sina ushahidi, na nisichokijua sitakiandika. Lakini mimi najua nilichokuwa nikipata. Alinipa sababu ambayo niliiamini nusu, kwa maana kweli nimeona mashine nyingi zikifia mikononi mwa serikali, na hiyo nusu niliyoiamini ndiyo niliyoishikilia.

Nikaitoa bodi. Nikaifunga kabatini. Ufunguo nikautia mfukoni.

Jumamosi ile, nilipokuwa chini ya jenereta na mume wako akikoroma ndani, ule ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali, upande wa kulia, ukinichoma pajani. Ng'ambo ya barabara stima ya hospitali ilikuwa inawaka, kwa sababu jenereta yetu kubwa ile, ambayo watu wanaicheka, iliwaka yenyewe. Dakika kumi na tano kufunga bodi. Dakika ishirini na tano mashine kupata moto. Magdalene alikuwa zamu. Daktari Mureithi alikuwa amekwisha nawa. Dakika arobaini, Dolphine. Nilizijua kama ninavyolijua jina langu.

Uliwaambia watu kwamba nilitoka mbio kutafuta dizeli. Dizeli ilikuwepo, tangi lilikuwa limejaa. Sikukimbilia dizeli. Mara ya kwanza nilikimbia mpaka lango la hospitali, ufunguo nimeushika mkononi. Pale langoni nikasimama. Nikaona jinsi itakavyokuwa: nitaingia, nitang'oa kibandiko, mashine itawaka, na watu wote watauliza tangu lini. Nikajiambia jenereta ya kituo itawaka sasa hivi. Nikarudi. Haikuwaka. Mara ya pili nikafika tena langoni, askari akanisalimia kwa jina, nikaitikia salamu yake, nikageuka. Niliiogopa aibu kuliko nilivyokiogopa kifo cha mume wako. Hakuna namna nyingine ya kuliandika hilo, nimejaribu. Ilipofika saa saba stima ilirudi yenyewe, si mimi niliyeirudisha, na wewe ukanikumbatia ukaniambia asante, nyamera, dada wa tumbo moja, akamwambia ndugu yake asante.

Hicho ndicho nilichomfanyia mwalimu. Wengine waliopelekwa ng'ambo na zile karatasi, kuanzia Februari hadi wiki hii, siwajui. Mmoja sasa namjua.

Jumanne asubuhi, kabla foleni haijaanza, nilifungua kabati, nikafunga bodi mahali pake, Magdalene amesimama mlangoni na mikono kifuani. Mashine ikawaka. Yeye ndiye aliyekibandua kile kibandiko, akakikunja akakitia mfukoni mwa koti lake. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Nyando aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli. Alipigwa picha saa mbili na dakika kumi, na saa tatu alikuwa mbele ya daktari.

Bwana Ondiek aliniita saa nne. Hakupiga kelele. Aliniuliza nimemfaidisha nani. "Shemeji yako," akasema, "hatatembea kwa maneno yako. Atapoteza hata yale mazoezi ya bure." Kisha akaniambia niangalie katika karatasi zote za hospitali nitafute mahali alipoandika kwamba bodi itolewe. Akasema pale pana mikono ya mtu mmoja tu, mikono yangu. Alisema kweli. Nikaiweka ile barua ya ajira mezani kwake nikatoka. Mchana nikapewa barua nyingine, ya kusimamishwa kazi.

Jana nilipeleka maelezo yangu kwa karani wa kamati, kurasa nne, nimetia sahihi kila ukurasa. Nimetaja jina la Bwana Ondiek na nimelitaja langu kwanza. Yatasomwa kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, katika kikao cha pili, nami nitaulizwa maswali mbele ya watu wote. Ndiyo sababu Lorine yuko kwako leo. Sikutaka uyasikie ukiwa umekaa miongoni mwa wageni, pengine ukiwa umeshika maiki.

Kutoka kwa karani nilikwenda kwa Nasike. Alikuwa akifunga mafungu ya sukuma. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hakunipa kiti, na sikustahili. Aliendelea kufunga mpaka mboga zikaisha. Kisha akaniuliza kama leo hii mashine inafanya kazi. Nikamjibu kwamba inafanya. Akaniuliza kama ni kweli, au ni maneno. Nikamwambia aende akaangalie. Akasema, "Ijumaa nitakuja kukaa mbele. Unapoyasema hayo, uniangalie mimi. Na yule dada yako, yeye amejua?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi na mimi nina neno la kumwambia, maana nilimjibu vibaya mtu aliyepigwa na fimbo ile ile iliyonipiga mimi."

Sijui kesho utasema nini, wala sikuombi useme upande wangu au upande wa wauguzi. Ukitaka bado kusema idara ikodishwe, sema. Sina mdomo wa kukupinga. Kituo kile kina mashine nzuri, na nimeona pia jinsi serikali inavyoacha vitu vife. Ninachokuomba ni usiseme tena kwamba mashine iliharibika. Na jina langu ulitoe kwenye hadithi ya dizeli.

Mazoezi ya mwalimu ndiyo yanayoniumiza zaidi. Naona yule msichana wa Jumatatu hatakuja tena, na huo nao ni mzigo wangu. Nimemwandikisha mwalimu katika kliniki ya mazoezi ya hospitali yetu, siku za Jumanne na Alhamisi. Mtaalamu ni mmoja, foleni inafika mpaka uani, na mabenchi hayatoshi. Lakini yule mtaalamu ana mikono mizuri, na amenikubalia. Sina kazi sasa, nina nafasi. Nitakuja kumchukua mwenyewe na kumngojea kwenye foleni mpaka afikiwe, kama utanivumilia. Kama hutaki kuniona mlangoni pako, Lorine atakuja badala yangu, tumekwisha kubaliana.

Mama usimwambie. Jumamosi nitakwenda Asembo Bay, na safari hii nitamweleza kabla hajanipa chakula.

Nawasalimu tena wote, na wapwa zangu wasijue kwa sasa, mpaka wewe utakapoona wakati unafaa. Mwalimu Absalom anaelewa kila kitu, hilo sote tunalijua, maneno yamemkataa lakini akili haijamwacha. Ukiamua kumsomea barua hii, msomee yote, na pale penye lango usiparuke. Akitaka kunijibu, mpe kalamu kwa mkono wa kushoto na umwache achukue muda wake. Neno lolote atakaloandika, hata likiwa la kunifukuza, mpe Lorine aniletee kama lilivyo. Anangoja hapo nje.

Ni mimi mdogo wako,
Nicodemus Opiyo